Mfanyakazi Amekosa: Mwongozo Kamili wa Kufuata Kanuni Zako Mwenyewe Kabla ya Kumpiga Kalamu

Barua ile niliichapa mimi. Nilikuwa karani katika hoteli moja ya hapa Malindi, na meneja alisimama nyuma ya kiti changu akisoma kila mstari. Mtunza stoo alikuwa amenaswa akipitisha mitungi ya gesi kwenye mlango wa dobi. Askari wawili walimwona, na mwenyewe hakukana sana. Barua ya kumfuta kazi tuliiandika tarehe 12. Kikao cha nidhamu, ambacho kitabu cha kanuni za hoteli kilisema lazima kitangulie, tulikifanya tarehe 14. Alipotoka kikaoni tukamkabidhi barua ile ile ya tarehe 12.

Wakili wake hakuwa na kazi kubwa. Aliweka karatasi mbili mezani, barua na kumbukumbu za kikao, akatuomba tusome tarehe. Hoteli ilikubali kulipa kabla shauri halijasikizwa. Ilimlipa mtu ambaye kazini hakuna aliyekuwa na shaka kwamba aliibeba ile mitungi.

Tangu hapo nimekaa upande wa ofisi katika vikao vingi vya nidhamu, Malindi, Watamu, na mara kadhaa Lamu. Mwajiri anayeshindwa mara nyingi huwa na kosa la kweli mkononi. Kinachomwangusha ni kitabu alichokiandika mwenyewe. Naye mfanyakazi asiye na kosa, anayefukuzwa kwa hasira ya asubuhi moja, hana kinga nyingine ila kitabu hicho hicho. Ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Sheria inataka nini hasa

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mambo mawili kwa pamoja: sababu ya haki na utaratibu wa haki. Yamo katika kifungu cha 45. Kimoja hakifidii kingine. Mwaka 2013, katika shauri la mwalimu mmoja dhidi ya Tume ya Kuwaajiri Walimu, mahakama ya masuala ya kazi ilieleza jambo hili wazi, na tangu hapo maneno yake yamerudiwa katika hukumu nyingi.

Kifungu cha 41 ndicho kinachozungumzia kikao. Kabla hujamwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, mweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua yeye. Halafu msikilize, na uyapime aliyoyasema. Hata yale makosa mazito ya kufutwa papo hapo yaliyoorodheshwa katika kifungu cha 44, kama ulevi kazini, matusi kwa mkubwa wa kazi, kutoonekana kazini bila ruhusa au kushukiwa kwa sababu za kutosha kumwibia mwajiri, hayakuondolei wajibu wa kusikiliza. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Huona neno "papo hapo" wakadhani maana yake ni dakika hiyo hiyo, mlangoni, mbele ya wageni.

Kifungu kinachosomwa kidogo kuliko vyote ni sehemu ya tano ya kifungu cha 45. Inasema anayeamua kama uachishaji ulikuwa wa haki ataangalia utaratibu ambao mwajiri aliutumia kufikia uamuzi, jinsi alivyoufikisha kwa mfanyakazi, jinsi rufaa ilivyoshughulikiwa, mwenendo wa mfanyakazi mwenyewe, barua za onyo zilizotangulia, na desturi ya mwajiri huyo katika mambo ya namna hiyo. Desturi. Yaani kama mwaka jana mhudumu wa baa alikutwa na kosa lile lile akapewa onyo, na mwaka huu mwingine anafukuzwa, utaulizwa tofauti yao ni nini.

Mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi anatakiwa kuwaeleza kwa maandishi kanuni za nidhamu na mtu wa kupelekewa malalamiko. Mwenye wachache kuliko hao halazimiki kuwa na kitabu, ila kifungu cha 41 kinamhusu hata akiwa na watu watatu. Na akishakuwa na kitabu kwa hiari yake, kinamfunga. Sheria ni msumeno, na kitabu chako nacho ni hivyo hivyo.

Hatua ya kwanza: kitoe kitabu kabatini ukisome

Usianze na mshukiwa, anza na kitabu. Kisome chote leo, kabla hakujatokea jambo. Tafuta majibu haya: nani anaruhusiwa kutoa barua ya kujieleza? Mfanyakazi hupewa siku ngapi kujibu? Kamati ina watu wangapi, na mwenyekiti ni nani? Onyo la maandishi hudumu miezi mingapi? Rufaa huenda kwa nani, ndani ya siku ngapi? Aliyesimamishwa hulipwa au halipwi?

Vitabu vingi vya hoteli zetu vilinakiliwa kutoka kampuni kubwa za Nairobi. Nimeona nyumba ya wageni yenye watu 18 ambayo kitabu chake kinadai kamati ya watu watano pamoja na mkurugenzi wa rasilimali watu. Mkurugenzi huyo hajawahi kuwepo. Siku ya kesi, kila cheo kilichoandikwa humo na hakipo ni tundu kwenye mtumbwi wako.

Dawa yake ni kukibadilisha kitabu wakati hakuna mtu mwenye kesi. Msimu wa mvua, Aprili hadi Juni, hoteli nyingi za pwani zikiwa zimepungukiwa wageni, ndio wakati mzuri. Kaa na wafanyakazi, punguza kamati iwe ya watu watatu unaowapata kweli, taja vyeo vilivyopo, kisha kila mmoja atie sahihi kwamba amepokea kanuni mpya na amezielewa. Kubadilisha kanuni mtu akiwa tayari ameshtakiwa ni kama kuhamisha goli mpira ukiwa hewani, na mtu huyo ana haki ya kuhukumiwa kwa kanuni zilizokuwepo siku ya tukio.

Kama wafanyakazi wako wako katika chama, kwa hoteli mara nyingi ni KUDHEIHA, tazama pia mkataba wa pamoja. Hatua za onyo zilizomo humo zinakufunga sawa na kitabu chako.

Hatua ya pili: chunguza kabla hujatuhumu

Nikupe mfano nilioushuhudia. Hoteli moja ilihesabu mashuka ikakuta pungufu ya 6. Msimamizi wa vyumba, mama aliyefanya kazi pale miaka mingi, akaandikiwa barua ya kujieleza siku hiyo hiyo. Mama alilia mbele yetu, hakuwa na la kusema zaidi ya "sijachukua, wanangu". Siku ya tatu ndipo mtu alipopata wazo la kufungua madaftari mawili na kuyalaza kando kwa kando. Stoo waliandika shuka moja moja. Dobi waliandika kwa pea. Mstari uliosema 6 upande wa dobi ulikuwa mashuka 12. Hapakuwa na shuka lililopotea.

Barua ilifutwa, lakini yule mama hakurudi kuwa alivyokuwa. Alikuwa akifungua vyumba akiita mwenzake asimame mlangoni awe shahidi.

Kwa hiyo mteue mtu mmoja achunguze, na mtu huyo asije akakaa kwenye kamati. Akusanye madaftari ya stoo, kitabu cha askari wa getini, zamu za siku hiyo, picha za kamera kabla hazijafutika. Kila shahidi aandike maelezo yake peke yake, kwa maneno yake, kisha atie sahihi na tarehe. Ukiwaweka pamoja chumba kimoja utapata maelezo mamoja yaliyoandikwa mara tatu, na hayatakusaidia. Mshukiwa naye aulizwe katika hatua hii, kwa heshima, mchana. Maungamo yaliyochukuliwa usiku kwenye kibanda cha askari hayana thamani, na ni dhuluma.

Mwisho wa uchunguzi ni ripoti ya ukurasa mmoja au miwili inayosema kilichoonekana. Isiseme "tunapendekeza afutwe". Uamuzi si kazi ya mchunguzi.

Hatua ya tatu: kumsimamisha, ikibidi tu

Si kila tuhuma inahitaji mtu akae nyumbani. Msimamishe kama akibaki anaweza kuharibu ushahidi au kuwatisha mashahidi. Sheria ya Ajira yenyewe haikupanga utaratibu wa kumsimamisha mtu kwa muda, kwa hiyo mkataba na kitabu chako ndivyo vitakavyoangaliwa. Kama kitabu hakisemi waziwazi kwamba aliyesimamishwa halipwi, mlipe. Kama kinasema siku 14, siku ya 15 ama arudi kazini ama uwe umemwandikia sababu ya kuongeza muda, kama kitabu kinaruhusu kuongeza.

Barua ya kumsimamisha iseme wazi kwamba si adhabu, na hakuna uamuzi uliofikiwa.

Kuna mtindo wa pwani unaoniumiza sana: "Nenda nyumbani, tutakupigia." Hakuna barua wala tarehe. Mtu anakaa Ganze au Marafa miezi miwili akingoja simu, kisha anaandikiwa kwamba ametoroka kazi. Usifanye hivyo kwa binadamu mwenzako. Na kama mfanyakazi analala kwenye nyumba za wafanyakazi, usimtolee godoro nje usiku kwa sababu ya tuhuma.

Hatua ya nne: barua ya kujieleza

Barua hii ndiyo msingi wa nyumba yote. Ukiitia mchanga mwingi, kikao na uamuzi vitapasuka baadaye.

Barua mbaya ni hii: "Umekuwa na tabia mbaya na utovu wa nidhamu wa mara kwa mara. Jieleze ndani ya saa 24 kwa nini usifutwe kazi." Mfanyakazi atajibu nini? Tabia ipi? Siku gani?

Barua inayofaa ni kama hii:

"Inadaiwa kwamba usiku wa tarehe 9 Februari, kama saa nne na nusu, ulitoa mtungi mmoja wa gesi wa kilo 13 kupitia mlango wa dobi bila karatasi ya getini. Jambo hili likithibitika ni kinyume cha kanuni ya 7 ya kitabu cha kanuni ulichotia sahihi. Tunaambatisha nakala ya ukurasa wa kitabu cha askari na maelezo ya mashahidi wawili. Tafadhali tupe maelezo yako kwa maandishi kabla ya tarehe 16 Februari, saa kumi jioni. Hakuna uamuzi wowote uliofanywa."

Humo mna siku, saa, mahali, kitu, kanuni, ushahidi, na muda wa kujibu. Muda uwe ule ulioandikwa kwenye kitabu. Kama kitabu kinasema siku 5 usitoe saa 24 kwa sababu mwenye hoteli ana haraka. Na kama hakisemi kitu, toa muda ambao mtu anaweza kutafuta ushauri na kupata karatasi zake.

Lugha ni jambo zito hapa Malindi kuliko sehemu nyingi. Mwenye hoteli huenda anazungumza Kiitaliano, meneja anaandika Kiingereza, na mtunza bustani alizaliwa Magarini na anajieleza vizuri zaidi kwa Kigiriama. Sheria inasema lugha *anayoielewa* mfanyakazi. Nilikuwa kwenye kikao ambapo mzee mmoja wa bustani aliulizwa kama ameisoma barua. "Nimeiona," akajibu. Mwenyekiti, kijana mwenye busara, akaiweka karatasi chini: "Mzee, nakuuliza kama umeelewa inasema nini." Mzee akanyamaza, akatazama mikono yake. "Sijui kusoma Kizungu, mwanangu. Nilitia sahihi kwa sababu niliambiwa nitie." Kikao kiliahirishwa pale pale. Barua ikaandikwa upya kwa Kiswahili, akasomewa na kufafanuliwa kwa Kigiriama na mtu aliyemchagua yeye mwenyewe. Hizo siku chache tulizopoteza zilikuwa na faida kubwa, maana mzee alipoelewa tuhuma alitaja jina la fundi aliyepewa ufunguo siku ile, na maneno yake yakawa kweli.

Mkabidhi barua mkononi, atie sahihi nakala yako. Akikataa, usigombane naye; andika kwenye nakala kwamba amekataa, na shahidi mmoja atie sahihi. Kama yuko mbali, mtumie kwa njia mnayowasiliana kila siku na uhifadhi ujumbe.

Hatua ya tano: kikao

Kwanza soma jibu lake. Nasema hivi kwa sababu nimeona wanakamati wakiingia kikaoni bila kulifungua. Kama maelezo yake yanatosha, funga jambo hapo na umwandikie kwamba limefungwa.

Kama hayatoshi, mwite kikaoni kwa barua nyingine inayotaja tarehe, saa, mahali, tuhuma zile zile, na haki yake ya kuja na mwenzake. Mahakama ya Rufaa, katika shauri la mwaka 2019 lililohusu Shirika la Posta, ilitaja nguzo nne za kifungu cha 41: kuelezwa tuhuma kwa lugha unayoielewa, kuelezwa sababu ya kufikiria kukuachisha, kuwa na mtu uliyemchagua, na kusikilizwa na maelezo yako kupimwa. Soma barua yako ya mwito ukiwa na hizo nne kichwani.

Mahakama zimewahi kukubali pia kwamba kusikilizwa kunaweza kuwa kwa maandishi, si lazima kwa mdomo. Usiitumie kama njia ya mkato. Kama kitabu chako kinasema mfanyakazi "ataitwa mbele ya kamati," basi ataitwa mbele ya kamati.

Angalia kalenda. Usiweke kikao saa saba mchana siku ya Ijumaa kwa Mwislamu, wala siku mtu anapozika kwao.

Kamati isiwe na aliyemkamata, wala aliyechunguza, wala anayemdai. Kama meneja ndiye aliyetukanwa, meneja hawezi kuwa mwenyekiti. Ni shahidi. Katika nyumba ndogo hili ni gumu, nakubali, na ndiyo sababu kitabu kiseme mapema nani atakaa badala yake: mhasibu, mkuu wa idara nyingine, au mtu wa nje mnayemwamini.

Na mwenye mali aliye ng'ambo? Asiingilie. Nimeona ujumbe wa sauti kutoka Milan ukisema "mtoe leo hii, nitakuja kusaini nikirudi", umetumwa siku mbili kabla ya kikao, ukachezwa kwenye simu mbele ya wakili. Baada ya hapo kikao kile kilikuwa mchezo wa kuigiza, na hakuna aliyeweza kusema vinginevyo. Zaidi ya hayo, mwenye mali akishaamua mwanzoni, rufaa itakwenda kwa nani?

Kikao chenyewe kiende hivi. Mwenyekiti ajitambulishe na kuwatambulisha wenzake. Amuulize mfanyakazi anataka kutumia lugha gani. Amuulize kama mwenzake amekuja. Kama hakuja, amuulize kama anataka kuendelea bila yeye au kuahirisha, na jibu liandikwe neno kwa neno. Tuhuma isomwe. Ushahidi uoneshwe, mashahidi wazungumze, naye awaulize maswali. Kisha apewe nafasi ya kusema bila kukatizwa. Wanaposema watu wa kamati "jibu ndiyo au hapana" mara kumi mfululizo, si kumsikiliza tena, ni kumbana.

Katibu aandike maswali na majibu, si muhtasari wa "alikiri kosa". Kama alisema "nilibeba mtungi lakini mpishi mkuu alinituma", andika sentensi nzima. Mwisho asomewe kumbukumbu, arekebishe, atie sahihi, apewe nakala.

Asipofika? Mpigie, mwandikie tarehe ya pili. Akikosa tena bila sababu, endeleeni bila yeye na muandike juhudi zote mlizofanya kumpata.

Hatua ya sita: uamuzi

Msiamue pale pale. Mfanyakazi atoke, kamati ikae, ikiwezekana mlale na jambo usiku mmoja. Swali la kwanza ni kama tuhuma imethibitika kiasi cha mwajiri kuamini kwa dhati kwamba ilitokea. Kifungu cha 43 hakidai ushahidi wa kiwango cha kesi ya jinai, lakini kinadai sababu ya kweli inayoweza kuoneshwa. Swali la pili ni adhabu, na hapa ndipo kitabu husahaulika tena. Kama jedwali lako la adhabu linasema kosa la kwanza la kuchelewa ni onyo la mdomo, huwezi kuruka hadi kufuta. Kama onyo hudumu miezi 6, onyo la mwaka juzi limekufa; lisitolewe kaburini.

Pima tuhuma iliyokuwa kwenye barua tu. Kama kikaoni limeibuka kosa jipya, hilo linahitaji barua yake na nafasi yake ya kujibiwa.

Barua ya uamuzi ijibu alichokisema. "Ulisema mpishi mkuu alikutuma. Mpishi mkuu aliulizwa mbele yako akakana, na zamu inaonesha hakuwa kazini usiku huo. Kwa hiyo kamati haikukubali maelezo hayo." Mistari mitatu ya namna hii inaonesha kwamba mlipima maneno yake. Tarehe iwe ya baada ya kikao. Hili sihitaji kulieleza zaidi.

Hatua ya saba: rufaa

Itaje kwenye barua ile ile ya uamuzi: kwa nani, ndani ya siku ngapi. Anayesikiliza rufaa asiwe alikuwa kwenye kamati. Asikilize kweli, na awe na uwezo wa kubadilisha uamuzi. Kumjibu mtu kwa mstari mmoja "rufaa yako imekataliwa" ni kumnyima kile mlichomwahidi kwa maandishi.

Polisi wakiingia

Wizi unaweza kwenda polisi na kwenye kamati kwa wakati mmoja, lakini kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Kumpeleka mtu kituoni si kumsikiliza. Kukamatwa kwake pekee hakumfuti kazi: sheria inazungumzia aliyekamatwa kwa kosa linaloadhibiwa kwa kifungo na akakosa kuachiliwa kwa dhamana au vinginevyo ndani ya siku 14, na hata huyo lazima asikilizwe. Mahakama ya jinai ikimwachilia haina maana uamuzi wa kamati umekufa, kwa sababu vipimo ni tofauti. Lakini ukiwa umeandika kwenye barua "umefutwa kwa sababu umeshtakiwa mahakamani", na mashtaka yakaanguka, utabaki umesimama juu ya nini?

Malipo na cheti

Hata aliyefutwa papo hapo hulipwa mshahara wa siku alizofanya kazi na haki zake zote hadi siku hiyo, zikiwemo siku za likizo alizochuma. Likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi kwa uchache. Anayeachishwa kwa notisi, na analipwa kwa mwezi, ana haki ya notisi ya siku 28 au malipo yake, isipokuwa mkataba unatoa zaidi.

Kukata mshahara kufidia mali kuna mipaka katika kifungu cha 19: uharibifu wa makusudi, au upungufu wa fedha kwa uzembe au udanganyifu wa mtu ambaye mkataba wake ulimkabidhi fedha. Makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Ile desturi ya kugawanya glasi zilizovunjika kwa wahudumu wote haina mahali hapa.

Cheti cha utumishi ni haki ya yeyote aliyefanya kazi wiki 4 au zaidi, hata mwizi. Kuzuia cheti ili kumkomoa ni kosa lako jipya.

Ukigundua katikati kwamba mmekosea

Rudi nyuma. Ukigundua kwamba barua haikutaja tarehe, au mwenyekiti alikuwa ndiye shahidi, mwandikie mfanyakazi kwamba hatua ile imefutwa, na uanze upya kutoka pale palipoharibika, na watu wengine. Mameneja wengi huona aibu kufanya hivi mbele ya wafanyakazi. Nimekaa upande ule wa meza, naielewa aibu hiyo, lakini fidia ya uachishaji usio wa haki inaweza kufika mishahara ya miezi 12 kabla ya makato, na mahakama inaweza hata kuamuru mtu arudishwe kazini.

Na wewe unayetuhumiwa

Omba nakala ya kitabu cha kanuni siku ile ile unapopewa barua. Jibu kwa maandishi, jibu tuhuma moja moja, usitukane. Chagua mwenzako asiyeogopa kuandika. Ukishindwa ndani, kata rufaa ndani ya muda hata kama huna imani nayo. Afisa wa leba hupokea malalamiko ndani ya miezi 3 tangu kufutwa, na shauri mahakamani lina ukomo wa miaka 3. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa hapa Malindi. Kwa mwenye mshahara usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi, tangu 2018 mahakimu wa ngazi fulani wanaweza kusikiliza shauri lake, jambo linalomfaa sana mtu wa Lamu ambaye vinginevyo angepanda boti hadi Mokowe na kisha basi kuja huku kwa kila tarehe ya kesi.

Faili

Weka kila karatasi kwa mpangilio wa tarehe: ripoti ya uchunguzi, barua ya kujieleza yenye sahihi ya kupokea, jibu, mwito, kumbukumbu, uamuzi, rufaa, hesabu ya malipo, nakala ya cheti, na toleo la kitabu cha kanuni lililokuwa likitumika siku hiyo. Kisha mpe mtu ambaye hakuwa kwenye kesi alisome tangu mwanzo na akuambie tarehe gani haikai sawa. Lihifadhi si chini ya miaka 3 hiyo ya ukomo, na piga picha kila ukurasa, kwa sababu katika ofisi zetu za pwani mchwa na mvua ya masika hufika kabatini kabla ya wakili.